Mapigo ya moyo yamevurugika ghafla kwa mgonjwa wa kisukari, presha na figo: dawa za zamani zibaki zilivyo?

Binti_Mlezi

Habari za jioni wakuu. Naomba wanaojua dawa za moyo wanisaidie kuisoma fomu ya kuruhusiwa hospitali.

Mgonjwa ni mama, miaka 67, kilo 58. Ana kisukari aina ya pili, presha, na figo zimeshaanza kuchoka. Alilazwa baada ya moyo kwenda mbio ghafla, akawa anahema na kuishiwa nguvu. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ilionyesha fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka bila mpangilio, mapigo 148 kwa dakika. Echo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inasema vali zake ni nzima na nguvu ya moyo kusukuma damu ni asilimia 55. Kreatinini (taka ya damu inayoondolewa na figo) 118 µmol/L, eGFR (makadirio ya maabara ya uwezo wa figo kuchuja) 43, potasiamu 5.3 mmol/L. Troponini (protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia) ilikuwa juu kidogo, wakairudia baada ya saa chache ikawa palepale. Homoni ya tezi shingo (TSH) sioni ikiwa imepimwa.

Dawa za zamani: metformin 1000 mg mara mbili na glibenclamide 5 mg asubuhi (za kisukari), losartan 100 mg na amlodipine 10 mg (za presha), aspirin 75 mg, na diclofenac anayomeza mwenyewe magoti yakimsumbua. Mpya ni bisoprolol 2.5 mg asubuhi (ya kupunguza kasi ya mapigo) na apixaban 5 mg mara mbili kwa siku (ya kuzuia damu kuganda). Fomu imeandikwa "endelea na dawa zako zote", basi.

Ninayotaka kujua: ndugu wanasema apixaban 5 mg ni kali kwa mtu wa figo, tumpe nusu, je, ni kweli? Kati ya hizo za zamani, ipi inagombana na hizi mpya? Nyumbani nipime nini na kitu gani kinamrudisha hospitali usiku huohuo? Na kama mapigo yameshatulia, sasa ni 88, kwa nini dawa ya kuzuia damu kuganda iendelee?

---

Kaunta_ya_Dawa

Msikate apixaban. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kumletea kiharusi mapema kuliko mengine yote.

Dozi ya apixaban kwa fibrilesheni ya atria haipunguzwi kwa sababu tu mtu "ana figo". Inashushwa hadi 2.5 mg mara mbili mgonjwa akiwa na angalau mawili kati ya haya matatu: umri wa miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, kreatinini ya 133 µmol/L au zaidi (maabara zinazotumia mg/dL wataona 1.5). Mama ana moja tu, uzito. Kwa hiyo 5 mg asubuhi na 5 mg jioni ndiyo dozi yake sahihi, na aliyeiandika alihesabu vizuri. Maelekezo ya Ulaya yana kigezo kingine kinachosimama peke yake: uwezo wa figo kuchuja ukiwa kati ya 15 na 29 ml kwa dakika, dozi hushushwa hata kama hayo mengine hayapo.

Sasa angalia, huo uwezo wa kuchuja si ile eGFR ya maabara. Kwa dawa hizi hutumika fomula ya Cockcroft-Gault, ambayo ina uzito ndani yake. Kwa mama ni (140 − 67) × 58 × 1.04 ÷ 118, jibu takriban 37. (Hiyo 1.04 ni ya wanawake. Wanaume ni 1.23.) Bado yuko juu ya 29, ila nafasi iliyobaki si kubwa, kwa hiyo kreatinini irudiwe mara kwa mara. Kuna kanuni nyepesi wanayotumia wengi: uwezo wa kuchuja ukiwa chini ya 60, ugawe kwa 10, jibu ndilo idadi ya miezi ya kukaa kabla ya kupima tena. Kwake ni kila miezi 3 hadi 4, na mapema zaidi akiugua ugonjwa wa kutapika au kuhara.

Nusu dozi ina ubaya mmoja: haionekani. Mgonjwa havuji damu, hachubuki, kila mtu nyumbani anaridhika, kumbe kinga ya kiharusi imeshapungua.

Na ikitokea apixaban imekosekana mkapewa dawa nyingine ya kazi ileile, msihamishe miligramu kwa kukisia. Rivaroxaban kwa figo za kiwango hiki ni 15 mg mara moja kwa siku, na lazima imezwe pamoja na mlo kamili. Tumbo likiwa tupu sehemu kubwa ya dawa haifyonzwi. Dabigatran hutolewa na figo kwa karibu asilimia 80, kwa hiyo mimi nisingeichagulia mtu mwenye 37 inayoweza kushuka. Warfarin inafaa hata figo zikiwa mbovu zaidi, lakini inadai kupima INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) na kuiweka kati ya 2 na 3, na inasumbuliwa na dawa nyingi: metronidazole, fluconazole na co-trimoxazole huipandisha INR, rifampicin (ya kifua kikuu) huiangusha. Hata apixaban huangushwa na rifampicin, na vilevile na dawa za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital. Mgonjwa akianzishiwa matibabu ya kifua kikuu, apixaban haimlindi tena ipasavyo. Lisemwe mapema.

Orodha ya zamani sasa. "Endelea na dawa zako zote" ni sentensi ya kivivu, samahani kwa kusema hivyo.

Diclofenac iondoke ndani ya nyumba. Ikikutana na apixaban, tumbo linaweza kuvuja damu. Upande wa figo ni hivi: losartan hulegeza mshipa mdogo unaotoa damu kwenye chujio la figo, diclofenac hubana ule unaoingiza, shinikizo la kuchuja linaanguka na kreatinini inapanda ndani ya siku chache. Tena diclofenac hushikilia chumvi na maji, presha inapanda na moyo unaelemewa. Ibuprofen na naproxen ni ukoo huohuo, na sindano ya diclofenac si salama zaidi ya kidonge. Maumivu ya magoti apewe paracetamol, vidonge viwili vya 500 mg, isizidi gramu 3 kwa siku kwa mtu wa uzito wake. Jeli ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu, inaweza kutumika kwa muda mfupi baada ya kumuuliza daktari.

Aspirin 75 mg: kama hajawahi kupata shambulio la moyo, kuwekewa stenti (kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo) au kupata kiharusi, kuiweka juu ya apixaban kunaongeza kuvuja damu bila faida ya maana. Ulizeni iondolewe. Kama ana stenti, msiiguse mpaka daktari wa moyo aseme.

Glibenclamide ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko hata diclofenac. Mabaki yake yenye nguvu hutolewa na figo. Figo zikichoka hurundikana, na sukari inashuka usiku na kukaa chini kwa saa nyingi. Hapo hapo ameanzishiwa bisoprolol, ambayo huficha dalili mbili ambazo wagonjwa huzitegemea sukari ikishuka: moyo kwenda mbio na kutetemeka. Jasho halifichwi. Kwa hiyo kwa mama, jasho la baridi, kuchanganyikiwa, ukali usio wa kawaida au usingizi mzito wa ghafla maana yake pima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4 mmol/L (70 mg/dL), vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, yaani kama gramu 15, kisha pima tena baada ya dakika 15. Hayo ni kwa anayeweza kumeza. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu mdomoni. Muombe daktari ambadilishie glibenclamide. Gliclazide ni afadhali, na zipo nyingine ambazo ni nadra kuangusha sukari.

Metformin: eGFR ikiwa kati ya 30 na 44, kikomo kinachopendekezwa ni 1000 mg kwa siku nzima. Yeye anameza 2000. Ikishuka chini ya 30 inaachwa.

Losartan na potasiamu ya 5.3: msiiache kwa hofu, inalinda figo. Ila potasiamu irudiwe ndani ya wiki moja au mbili, na angalieni kopo la "chumvi ya wagonjwa wa presha" kama mnalo, nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Antibayotiki ya co-trimoxazole nayo huipandisha potasiamu. Ikifika 6 na kupita, hiyo ni dharura ya moyo hata kama mgonjwa anajisikia mzima.

Amlodipine haina ugomvi na bisoprolol. Wasimchanganyie tu na verapamil au diltiazem, hizo na bisoprolol pamoja zinaweza kuzima umeme wa moyo.

---

Mpenda_Vipimo

Kaunta amemaliza. Naongeza la kupima mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 15, zidisha mara 4. Kila asubuhi na jioni. Na mapigo yakirudi kwenye mpangilio kabisa kwa mwezi mzima nadhani dawa ya damu anaweza kupumzishwa.

---

Zamu_ya_Usiku

@Mpenda_Vipimo, njia ya sekunde 15 ni ya moyo unaopiga kwa mpangilio. Kwenye fibrilesheni ya atria mapigo huja mawili ya haraka, moja linachelewa, matatu yanafuatana. Sekunde 15 za kwanza zinaweza kukupa 72 na zinazofuata 108. Hesabu dakika nzima. Zaidi ya hapo, baadhi ya mapigo huwa dhaifu mno hayafiki mkononi: moyo unapiga 120, mkono unaonyesha 96. Ndiyo maana hospitali mtu mmoja husikiliza kifuani kwa stetoskopu huku mwenzake akihesabu mkononi. Nyumbani, kama mkono unasema 90 lakini mgonjwa anahema, usiuamini mkono. Kile kifaa cha kubana kidoleni nacho hudanganywa hivyohivyo kwenye namba ya mapigo. Hilo la kupumzisha dawa nawaachia madaktari, lakini usilifanye.

Binti_Mlezi, chukua daftari, lipige mistari ya safu tano: tarehe na saa, mapigo, presha, uzito, sukari. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza wanaotoka wodini.

Presha: akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, asiwe ameongea. Kwa mtu mwenye mapigo ya ovyo pima mara tatu, dakika moja katikati, andika zote tatu. Usishtuke zikitofautiana, kila pigo lina ujazo wake wa damu, na mashine hukisia. Wastani ndio wenye maana. Mashine ikileta alama ya kosa, rudia. Ikiendelea kukataa, ni mashine yenyewe imeshindwa na mapigo hayo, nenda ukapimwe kwa stetoskopu.

Uzito: asubuhi, akishakojoa, kabla ya kula, nguo nyepesi, mizani ileile juu ya sakafu ngumu. Kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji. Hapa kuna mtego: amlodipine 10 mg peke yake huvimbisha vifundo vya miguu, bila moyo kuwa na shida. Tofauti ni kwamba uvimbe wa amlodipine hauji na kuhema wala hauongezi idadi ya mito anayolalia. Mgonjwa aliyezoea mto mmoja akianza kuomba mitatu, au akaamka usiku kukaa kitandani apate pumzi, huo ni moyo.

Mapigo akiwa ametulia: chini ya 110 kwa siku hizi za mwanzo inakubalika kama hana dalili. Yakikaa juu ya 120 baada ya kupumzika nusu saa, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Yakiwa chini ya 50 na ana kizunguzungu, bisoprolol isimezwe kabla hajaongea na daktari. Chini ya 50 bila dalili, piga simu tu.

Sasa vya kumtoa nyumbani usiku huohuo, bila kusubiri kupambazuke:

– Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama au kuongea yasiyoeleweka, kutoona ghafla, hata kama imeisha baada ya dakika tano.
– Kuzimia, au kukaribia kuzimia.
– Kuhema akiwa amekaa, au mapigo zaidi ya 130 akiwa ametulia.
– Kifua kubana, au kimoja cha hivi hapa chini ninavyoeleza kuhusu kisukari.
– Choo cheusi chenye kunata kama lami, kutapika damu, mkojo mwekundu.
– Kugonga kichwa, hata kama hana hata nundu na anasema yuko sawa. Damu kwenye ubongo kwa mtu wa dawa hizi inaweza kujaza taratibu kwa saa nyingi.

Pua ikitoa damu si safari bado: ainamishe kichwa mbele, si nyuma, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Ikiendelea baada ya hapo, mpelekeni.

Kuhusu kisukari: shambulio la moyo kwa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu linaweza kuja bila maumivu ya kifua, kwa sababu mishipa ya fahamu ya moyo nayo imeshaathirika. Unachokiona ni jasho, kichefuchefu, kuhema, uchovu wa ghafla usio na maelezo, maumivu ya taya au katikati ya mabega, au sukari iliyopanda bila sababu. Watu hulala nalo wakidhani ni gesi. Na kwa mama, jasho lina maana mbili, kwa hiyo pima sukari. Ikiwa ya kawaida na jasho linaendelea, ni hospitali. Ile aspirin 300 ya kutafuna wanayoshauriwa watu wengi, kwa anayetumia apixaban iacheni wampe wahudumu wa dharura wenyewe.

Mkifika mapokezi, kabla ya historia yote, sema mambo mawili: dalili zilianza saa ngapi, na kidonge cha mwisho cha apixaban kimemezwa saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye kiharusi huangaliwa ndani ya saa 4 na nusu, na uamuzi wa kuitoa au kutoitoa unategemea hilo la pili. Beba paketi za dawa zenyewe, usitegemee kukumbuka majina.

---

Daktari_wa_Wodi

Walionitangulia wameshafanya kazi kubwa. Mimi najibu swali la nne, pamoja na vitu viwili ambavyo hukuuliza.

Vyumba vya juu vya moyo kwenye hali hii havibani, vinatetemeka tu. Damu inazubaa, hasa kwenye kifuko kidogo kilichotokeza kwenye chumba cha juu cha kushoto, na hapo ndipo mabonge mengi hutengenezwa. Bonge likichomoka linaelekea ubongoni. Bisoprolol hupunguza kasi, haizuii bonge. Mapigo kuwa 88 maana yake vyumba vya chini vimetulizwa, vya juu huenda bado vinatetemeka vilevile. Na hata mpangilio ukirudi kabisa, fibrilesheni ina tabia ya kuja na kuondoka bila mgonjwa kuhisi chochote, mara nyingi usingizini.

Kwa hiyo dawa ya damu haiamuliwi na mapigo ya leo, inaamuliwa na alama za hatari. Kushindwa kwa moyo alama 1, presha 1, kisukari 1, ugonjwa wa mishipa ya damu 1, umri wa miaka 65 hadi 74 alama 1, miaka 75 na kuendelea 2, kuwahi kupata kiharusi 2. Mama ana presha, kisukari na umri: 3. Kuanzia 2 dawa inapendekezwa. (Mahesabu ya zamani yaliwapa wanawake alama moja ya ziada, mwongozo wa Ulaya wa 2024 umeiondoa. Kwake haibadilishi chochote.) Kisukari na presha haviondoki, miaka hairudi nyuma, kwa hiyo jibu la "hadi lini" ni: maadamu hapati sababu nzito ya kuiacha. @Mpenda_Vipimo, mwezi mmoja wa mapigo mazuri haufuti alama hata moja.

Vali kuwa nzima ni jambo kubwa kwenye fomu hiyo, sijui kama wengi wanaliona. Mgonjwa mwenye vali ya mitrali iliyobanwa kwa kiasi cha kati au kikubwa, kama wanavyopata waliougua homa ya baridi yabisi utotoni, au mwenye vali ya chuma, hatumii apixaban, anatumia warfarin. Msomaji mwenye hali hiyo asinakili ushauri wa uzi huu.

Troponini: figo zilizochoka huiacha juu kidogo siku zote. Ndiyo maana inarudiwa. Kinachotafutwa ni kupanda au kushuka kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Kukaa palepale kunaelekea kusema si shambulio la moyo jipya, na mapigo 148 kwa saa kadhaa yanatosha kuisukuma juu kidogo.

Mambo mawili sasa. La kwanza, chanzo. Moyo huu ulikuwa na mazingira tayari: presha ya miaka mingi hunenepesha ukuta wa moyo na kutanua chumba cha juu cha kushoto. Lakini kilichowasha siku hiyo kinatakiwa kutafutwa. TSH ipimwe, na ipimwe kabla hajapewa amiodarone (dawa ya kurekebisha mpangilio wa mapigo), maana amiodarone ina madini joto (ayodini) mengi na itavuruga majibu. Magnesiamu ipimwe. Ulizeni kama alikuwa na homa, nimonia au maambukizi ya mkojo wiki hiyo. Kama anakoroma na kukata pumzi usingizini, mwambieni daktari. Kukosa pumzi usingizini huirudisha fibrilesheni hata dawa zikiwa nzuri. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zisinunuliwe tena.

La pili, kuna watakaowaambia "moyo upigwe shoti urudi sawa". Ni tiba halali, lakini ikiwa haijulikani mvurugiko ulianza lini, au umeshapita saa 24, kunatakiwa wiki 3 mfululizo za dawa ya damu bila kuruka dozi, au echo ya kupitishia kooni kuhakikisha hakuna bonge, kisha angalau wiki 4 nyingine baadaye. Vyumba vikishaanza kubana upya ndipo bonge lililokuwa limetulia husukumwa nje. Kidonge kimoja kilichosahaulika ndani ya zile wiki 3 kinaweza kuahirisha miadi nzima, kwa hiyo daftari la Zamu_ya_Usiku liwe na safu ya sita, ya apixaban asubuhi na jioni.

Na wakiongeza digoxin (dawa nyingine ya kupunguza kasi ya mapigo), kwa figo hizi dozi ni ndogo. Kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kuona vitu vina rangi ya manjano na mapigo kwenda polepole ni sumu yake, si "uzee".

---

Binti_Mlezi

Asanteni sana, nimeandika yote. Diclofenac nimeshaitoa. Mawili ya mwisho: akiharisha na kutapika dawa gani zinasimama? Na ana jino la kung'olewa, miadi ilikuwa imeshapangwa.

---

Kaunta_ya_Dawa

Kuharisha na kutapika kiasi cha kutoweza kunywa: simamisha losartan, metformin, na dawa yoyote ya kukojoza kama ataongezewa. Glibenclamide pia, kama hali chakula, huku ukipima sukari kila baada ya saa 4. Zinarudi akishakula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48. Sababu ni kwamba mwili ukikauka, losartan inaiacha figo bila shinikizo la kuchuja, na metformin ikirundikana huleta asidi kwenye damu. Apixaban na bisoprolol hazisimami kwa uamuzi wa nyumbani. Bisoprolol ikikatwa ghafla mapigo hufyatuka. Lakini akiwa hawezi kushikilia hata vidonge tumboni kwa siku nzima, mpelekeni, na kreatinini na potasiamu zipimwe siku hiyo. Muulize daktari aiandike orodha hii kwenye kadi yake, isibaki ya mtandaoni.

Jino moja kwa kawaida halihitaji kusimamisha apixaban kwa siku nyingi. Baadhi ya madaktari huomba dozi ya asubuhi ya siku hiyo irukwe au icheleweshwe, wengine wala. Jambo la msingi ni daktari wa meno ajue kabla, apange asubuhi mapema ili damu ikigoma kukatika kuwe na muda wa kurudi, na aweke mshono au pamba ya kukandamiza. Baada ya hapo mgonjwa ang'ate gozi kwa dakika 20 hadi 30 bila kusukutua. Akimwandikia ibuprofen ya maumivu, mkumbushe. Akimwandikia antibayotiki, rudi na jina lake kabla ya kuimeza, hasa clarithromycin.

Na dozi ya apixaban ikisahaulika: imezwe akikumbuka siku hiyohiyo, inayofuata kwa saa yake ya kawaida, bila kurundika mbili pamoja.

---

Zamu_ya_Usiku

Kwenye hiyo kadi waandike pia kreatinini ya 118 na tarehe yake. Akifika dharura mahali wasipomjua, wakikuta 170 bila namba ya kulinganisha hawatajua kama figo ndiyo kwanza zimeanguka au ndivyo zilivyokuwa.